Sedani au SUV kwa safari ndefu? Angalia upepo kabla ya cc

Mtu akitaka kununua gari swali la kwanza huwa injini ni cc ngapi, yani ukubwa wake, akisikia 1500 anafurahi, akisikia 2500 anashtuka, mwisho anaondoka na SUV (gari kubwa ya juu) yenye cc ndogo akiamini amepata vyote viwili, ukubwa na ulaji mdogo wa mafuta. Safari mbili tatu za barabara kuu baadae anaanza kulalamika gari inakunywa. Anapeleka kwa fundi, plagi zinabadilishwa, filta inabadilishwa, hali iko vile vile. Gari haina ubovu wowote, ni umbo lake tu, inasukuma hewa nyingi kila mita inayokwenda na injini ndogo haiwezi kuipunguza hiyo kazi, itaifanya ile ile huku inahema.

Hapa nalinganisha sedani ya kawaida (gari ya chini yenye buti nyuma) na SUV ya kawaida, zote petroli, barabara kuu na mjini, halafu nitagusa za umeme, pikapu na hili jambo la keria juu ya paa manake hapo ndo watu wengi wanamwaga mafuta bila kujua. Mifano nimeichukua ya wastani, sio modeli fulani, ili we mwenyewe uweze kuweka namba za gari unayoifikiria.

Kwanza hewa yenyewe. Tunaiona kama kitu kisicho na uzito lakini mita moja ya ujazo ukiwa usawa wa bahari ina kama kilo 1.2. Sasa chukua sedani ambayo ukiitazama kwa mbele kivuli chake ni mita za mraba 2.2, ikienda 100 kwa saa inapita kwenye mita za ujazo 61 za hewa kila sekunde, yani kilo 73 hivi, uzito wa mtu mzima, kila sekunde moja, na hizo kilo zote lazima zisogee zipishe gari halafu zijifunge tena nyuma. Kama uliwahi kukaa siti ya abiria ukatoa kiganja nje kidogo gari ikiwa 80 unajua ninachosema, ukikilaza kinapita vizuri, ukikisimamisha mkono unarudishwa nyuma kwa nguvu. Mkono ni ule ule na spidi ni ile ile, kilichobadilika ni umbo na eneo.

Hesabu yake sio ngumu. Nguvu ya upepo kurudisha gari nyuma = nusu × uzito wa hewa (1.2) × namba ya umbo × eneo la mbele × spidi × spidi. Spidi hapo iwe mita kwa sekunde, na jibu linakuja kwa nyutoni, kipimo cha nguvu ya kusukuma. Namba ya umbo ndo ile inaandikwa Cd kwenye vipeperushi vya magari. Angalia vizuri spidi imeingia mara mbili, kwa hiyo ukitoka 100 kwenda 120, spidi imepanda asilimia 20 lakini upepo umepanda asilimia 44. Na ukitaka kujua injini inatoa kilowati ngapi kupambana na huo upepo unazidisha na spidi mara ya tatu, hapo inakuwa asilimia 73. Ukitoka 60 kwenda 120 upepo unakuwa mara 4 na nguvu inayotakiwa kuushinda inakuwa mara 8. Mara nane! Ndo maana gari inayopanda hadi 140 kirahisi ukitaka iende 160 inaanza kulia.

Haya tuziweke zenyewe.

Sedani: kilo 1,400, Cd 0.28, eneo la mbele 2.2.
SUV: kilo 1,900, Cd 0.36, eneo la mbele 2.7.

Kitu ambacho watu wanakosea hapa ni kuangalia Cd peke yake. Kampuni zinapenda kuitangaza Cd manake inapendeza, lakini upepo unapiga Cd MARA eneo. Sedani yetu ni 0.28 × 2.2 = 0.62 hivi, SUV ni 0.36 × 2.7 = 0.97. Yani SUV inabeba upepo zaidi ya mara moja na nusu ya sedani kwenye spidi ile ile, hata kabla hujagusa uzito. Eneo la mbele mara nyingi halijaandikwa popote ila unaweza kukadiria, chukua upana bila vioo vya pembeni zidisha kwa urefu wa kwenda juu halafu zidisha kwa 0.85, utafika karibu sana.

Ukiacha upepo kuna tairi. Tairi ikizunguka inabonyea na kurudi, na hiyo inakula nguvu kulingana na uzito wa gari, lakini yenyewe haipandi sana na spidi. Kwa sedani hii ni nyutoni kama 150, SUV kama 205, ziwe 60 au ziwe 120. Kwa hiyo kuna spidi fulani ambapo upepo na tairi vinalingana, kwa hizi gari mbili ni kwenye 70 hivi, chini ya hapo tairi ndo bosi, juu ya hapo upepo unashika usukani na hauachii tena.

Nguvu inayotakiwa kwenye tairi, barabara tambarare, hakuna upepo wa nje:

60 km/h: sedani kilowati 4.2, SUV 6.1
80 km/h: sedani 7.4, SUV 11
100 km/h: sedani 12.1, SUV 18.2
120 km/h: sedani 18.8, SUV 28.4

Nadhani kuna mtu ameshtuka kwamba sedani yenye injini ya kilowati 80 inatumia 12 tu ikiwa 100. Ndio, ni hivyo, hiyo ni nguvu farasi kama 16. Zilizobaki zote ni za kupanda mlima, kuondoka kwenye taa na kuovateki. Na hapa ndo unaona kwa nini hoja ya cc haitoshi: barabara na hewa ndo vinaamua injini ifanye kazi kiasi gani, iwe cc 1300 iwe cc 2500. Injini kubwa inapoteza kidogo zaidi kwa msuguano wake wa ndani hilo kweli, lakini haiwezi kufuta kilowati 6 za tofauti kati ya hizi gari mbili kwenye 100.

Tugeuze iwe mafuta. Lita moja ya petroli ina nishati kama megajuli 32, sehemu kubwa yake inaishia kwenye joto la injini na ekzosi, tukisema robo ndo inafika kwenye tairi unabaki na megajuli 8 za kazi kwa kila lita. Kwa makadirio hayo:

80 km/h: sedani lita 4.2 kwa kilomita 100, SUV 6.2
100 km/h: sedani 5.5, SUV 8.2
120 km/h: sedani 7.0, SUV 10.7

Kwa waliozoea kilomita kwa lita, sedani kwenye 100 ni kama 18, SUV ni 12. Kwenye 120 sedani inashuka hadi 14 na SUV inashuka chini ya 10. Haya ni makadirio, injini ikipewa mzigo huwa inafanya kazi kwa ufanisi kidogo zaidi kwa hiyo barabarani mwanya unaweza kuwa mdogo kidogo kuliko hapo, pia sijaweka ac wala milima, ila mpangilio wake haubadiliki.

Sasa naomba uangalie kitu kimoja kwenye hizo namba manake mi ndo kilinifanya nianze kulitazama hili jambo kwa makini. SUV inayotembea kistaarabu 100 inakula lita 8.2, sedani inayokimbia 120 inakula 7.0. Yani mwenye sedani amekuacha, hayupo tena kwenye kioo, na bado anatumia mafuta kidogo kuliko wewe. Ili SUV ilingane na sedani iliyo kwenye 120 inabidi ishuke mpaka 89 hivi. Hiyo tofauti ya kilomita 31 kwa saa ni bei ya umbo na uzito, unailipa kwa muda au unailipa kwa mafuta.

Lakini pia geuza upande wa pili, kwa sababu sitaki mwenye SUV aone amehukumiwa. Mguu wake una faida kubwa kuliko mguu wa mwenye sedani. Safari ya kilomita 300, ukienda 120 ni saa mbili na nusu, ukienda 100 ni saa tatu. Nusu saa hiyo kwenye sedani inaokoa lita kama 4.5, kwenye SUV inaokoa 7.5. Kadri gari inavyokuwa kubwa na bapa mbele ndivyo kupunguza spidi kunavyolipa. Kwa hiyo kama tayari unayo SUV na huna mpango wa kuiuza, usihangaike na dawa za kuweka kwenye tenki, achia pedeli kidogo.

Mjini mambo yanageuka. Kwenye 40 upepo unaoipiga sedani ni nyutoni 46 hivi wakati tairi ni zile zile 150, upepo karibu haupo. Kinachokula mafuta mjini ni kuondoka na kusimama. Kila ukifika 50 sedani imebeba nishati ya mwendo kilojuli 135, SUV 183, ukikanyaga breki hiyo yote inageuka joto kwenye diski na ukiondoka unainunua upya. Huko kilo ndo zinaongea, na injini kukaa inanguruma kwenye foleni nako ni hasara, na hapo ndo cc ndogo inasaidia kweli kweli. Kama asilimia 90 ya maisha yako ni mjini basi Cd isikuumize kichwa, tafuta gari nyepesi, na kama ipo haibridi (yenye injini na mota ya umeme) ni bora zaidi manake inarudisha sehemu ya ile nishati ya breki kwenye betri. Nishati iliyokwenda kwenye upepo hairudishwi na teknolojia yoyote, ikishaenda imeenda, umeipasha hewa joto nyuma ya gari basi.

Hilo ndo linanipeleka kwenye za umeme. Watu wanashangaa gari ya umeme mjini inaenda mbali kuliko ilivyotarajiwa halafu barabara kuu betri inaisha mapema, kinyume kabisa na petroli. Sababu ni kwamba mota haipotezi robo tatu kwenye joto kama injini, tuseme asilimia 85 ya umeme inafika kwenye tairi, kwa hiyo upepo unaonekana wazi, hauna pa kujificha. Ukiweka betri ya kilowati saa 70 kwenye umbo la sedani yetu unapata kama kilomita 490 ukienda 100, na 380 ukienda 120. Betri hiyo hiyo kwenye umbo la SUV, 330 na 250. Ndo maana watengenezaji wa za umeme wanapigania umbo kuliko mtu mwingine yeyote, Mercedes EQS ya 2021 ilitoka na Cd 0.20, na GM EV1 ya miaka ya 1990 ilikuwa 0.19. Ukiwa unachagua gari ya umeme ya safari ndefu umbo liangalie kabla hata ya ukubwa wa betri, manake betri kubwa inaongeza kilo na muda wa kuchaji wakati umbo zuri halina uzito wowote.

Kuhusu umbo lenyewe, macho yanadanganya. Watu wanaamini pua kali ya mbele ndo inapasua upepo, kumbe sehemu kubwa ya hasara iko NYUMA. Hewa ikifika mwisho wa paa ikakuta ukuta umekatwa wima inashindwa kufuata, inaachana na gari na kubaki inazungukazunguka, presha pale nyuma inashuka na gari inakuwa kama inavutwa mkia. Angalia vumbi na matope yanavyojipaka kwenye kioo cha nyuma cha gari za boksi, hiyo ndo hewa yenyewe imekuandikia. Umbo la tone refu lenye mkia mwembamba lina Cd karibu 0.04, mpira wa duara kama 0.47, mchemraba kama 1.05. Mercedes G-Class ya zamani yenye pembe zake zilizonyooka ilikuwa 0.54, yani kwa namba ya umbo mpira wa duara unaishinda. Volkswagen Beetle tunayoiona ya mviringo na laini ilikuwa 0.48, mviringo peke yake hautoshi kama nyuma hewa inaachia mapema.

Na haya sio mambo mapya. Mwaustria Edmund Rumpler alionyesha gari yake ya umbo la tone mwaka 1921, na Volkswagen walipokuja kuipima kwenye handaki lao la upepo (chumba cha kupulizia gari hewa na kupima Cd) mwaka 1979 wakapata 0.28, ile ile ya sedani yetu ya mfano! Miaka mia imepita. Mwaka 1982 Audi walipotoa Audi 100 yenye 0.30 ilikuwa habari kubwa, vioo vimepangwa sawa na bodi, hakuna kingo zilizojitokeza. Gari ya mashindano ya Formula 1 kwa upande mwingine ina namba mbaya kuliko sedani ya baba wa familia, kwa sababu yale mabawa yanabadilisha upepo kuwa mgandamizo wa kuishika barabara. Kwa hiyo ukifunga bawa kubwa kwenye buti ya gari ya kawaida kwa urembo jua unalilisha mafuta.

Sasa keria. Hapa nina uchungu kidogo kwa sababu naona kila siku. Mtu anafunga keria na boksi juu kwa ajili ya safari moja halafu linakaa pale mwaka mzima, tupu, linapiga mluzi. Mwongozo wa serikali ya Marekani kuhusu ulaji wa mafuta unasema boksi kubwa bapa juu ya paa linapunguza umbali kwa lita kwa asilimia 10 hadi 25 kwenye spidi za kilomita 105 hadi 120 hivi. Mzigo huo huo ukiubeba nyuma ya gari, usawa wa buti, ni asilimia 1 hadi 5. Na ukiuweka ndani? Kilo 100 za mizigo ndani ya sedani zinaongeza nyutoni 11 za tairi, asilimia 2.5 tu kwenye 100. Kwa hiyo jaza buti kwanza, jaza miguuni, kisha fikiria nyuma, paa liwe la mwisho kabisa.

Hapo ndo unaingia mtego wa ulinganisho, mtu anachukua sedani ili aokoe mafuta halafu kila wiki anaibebesha boksi juu, faida aliyokuwa nayo juu ya SUV imepungua vibaya. Kama kweli mizigo yako haiingii, kuna gari ya tatu ambayo watu wanaisahau, steshen wageni. Kwa mbele ni sedani ile ile, eneo lile lile, Cd inapanda kidogo tu tuseme 0.30, lakini nyuma unapata nafasi inayokaribiana na ya SUV nyingi. Mimi ningepewa nichague ya familia na safari ndefu za lami ningechukua hiyo bila kufikiria mara mbili.

Pikapu kwa ufupi: lango la nyuma liache limefungwa. Inaonekana kama ukilishusha upepo utapita, lakini likiwa limefungwa ndani ya bodi kunajengeka duara la hewa na upepo wa juu unateleza juu yake, ukishusha unaliharibu na mara nyingi unaongeza mburuto (ile nguvu ya upepo kurudisha gari nyuma) badala ya kupunguza. Turubai lililofungwa likakaza linasaidia kidogo.

Vioo, watu wanauliza sana, nifungue au niwashe ac. Mjini fungua. Barabara kuu funga, hewa inayoingia dirishani inavuruga ile inayopita pembeni. Upepo wa nje nao uuhesabu, ukiwa 100 na unakuja wa kukukabili wa kilomita 20 kwa saa gari inauona kama 120, ule mburuto wa asilimia 44 zaidi umeupata bila kufaidi spidi yake, siku hiyo usishangae geji. Na ukiwa nyanda za juu, tuseme mita 1,600, hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 15 na mburuto unapungua hivyo hivyo, kwa hiyo ukilinganisha ulaji wa gari yako na ya mwenzako wa usawa wa bahari mjue hamkushindana uwanja mmoja.

SUV naikubali pale ambapo barabara inaidai, mashimo, matope, mito ya msimu, au watu saba kweli sio wa kwenye karatasi. Kwenye barabara mbovu spidi yenyewe ni 40 au 50, upepo hauna usemi, unalipia uzito tu na unapata kitu unachokitumia. Kama ndo hivyo nunua, ila chagua ile ambayo sio ndefu sana kwenda juu, paa lishuke kidogo kuelekea nyuma, tairi zisiwe pana kupita kiasi, na siku ya lami tembea 90. Keria ikae stoo mpaka asubuhi ya safari.